Usichukue Jiwe la Kusagia: Mwajiri, Mfanyakazi na Deni

Somo la wiki kwa vikundi vya nyumbani
Maandiko ya kusoma: Kumbukumbu la Torati 24:6, 10–15, 2 Wafalme 4:1–7, Yakobo 5:4, Warumi 13:8
Wazo kuu: Deni lilipwe, lakini anayedaiwa aachiwe kile anachokitumia kuishi na kulipa.



Wengi wetu tukifungua Kumbukumbu la Torati sura ya 24 tunasoma habari ya talaka pale mwanzo, halafu tunafunga Biblia. Wiki hii nataka tusimame kwenye mstari wa 6. Ni mstari mfupi sana. Mungu anawakataza watu wake kuchukua jiwe la kusagia kama rehani, hata lile la juu peke yake, kwa maana anayelichukua amechukua uhai wa mtu.

Mliolelewa mashambani mnalijua hilo jiwe. Nyanya alikuwa nalo nyuma ya jikoni, la chini kubwa limetulia, la juu dogo la kushikwa kwa mikono miwili, na wimbi katikati. Ukiliondoa la juu, la chini ni kiti tu. Hakuna unga, hakuna uji wa watoto, na hakuna kitu cha kuuza ili deni lilipwe.

Angalia vizuri Mungu anachosema na asichosema. Hasemi deni limefutwa, wala hasemi mkopeshaji ni mtu mbaya. Anasema: dai haki yako, lakini usiguse chombo ambacho huyu mtu anakitumia kula na kukulipa. Ukikigusa, umempoteza yeye na umeipoteza pesa yako pia.

Leo hatusagi kwa mawe. Jiwe la kusagia la familia nyingi za kanisa hili ni kazi, na ile hati ya mshahara ya mwisho wa mwezi. Kwa hivyo somo hili ni la watu wa aina tatu, na karibu kila mmoja wetu yumo: anayetafuta kazi akiwa na deni, anayefanya kazi huku mshahara unakatwa, na aliyeajiri. Na usiseme "mimi sijaajiri mtu." Kama una dada wa kukusaidia nyumbani au kijana wa kuangalia duka, wewe ni mwajiri.

1. Deni halipaswi kufunga mlango wa kazi

Kijana mmoja wa hapa kwetu alifanya mahojiano ya kazi ya stoo, akafanya vizuri. Kabla hata hajaambiwa kama amechukuliwa, akaitishwa cheti cha CRB, cha HELB, cha KRA na cha polisi cha tabia njema. Alikuwa na mkopo wa simu aliouchukua mama yake alipolazwa, na hajaumaliza. Akaniuliza, "Pasta, nitalipaje hilo deni kama siwezi kupata kazi kwa sababu ya hilo deni?"

Swali lake ndilo jiwe la kusagia hasa. Yesu naye aliligusa katika Mathayo 18, pale mtumishi anapomkamata mwenzake na kumtupa gerezani mpaka alipe. Sasa jiulize, gerezani atapata wapi pesa?

Sheria yetu imeliona jambo hili. Mwaka 2022 Sheria ya Ajira ilirekebishwa, na sasa mwajiri haruhusiwi kumwitisha mtu vyeti vya aina hiyo isipokuwa ana nia ya kuingia naye katika mkataba wa kazi ulioandikwa. Yaani vyeti si tiketi ya kuingilia mahojiano. Lakini sikiza na upande wa pili: ukishapewa ofa, na kazi yenyewe inadai vyeti hivyo kwa lazima, ukikosa kuvitimiza mwajiri anaweza kuiondoa ofa yake. Kwa hivyo usikae tu ukingoje.

Unayetafuta kazi, fanya haya mapema. Kwanza, jua habari zako. Una haki ya kupata ripoti yako ya CRB bila malipo mara moja kwa mwaka. Isome. Ukikuta deni ulilokwisha kulipa bado limeandikwa, lipinge kwa maandishi, nao wanapaswa kulichunguza. Kanuni za mwaka 2020 zilisema deni lisilofika shilingi 1,000 lisipelekwe CRB kama deni baya, na kwamba cheti chako cha kwanza kisitozwe ada. Pili, kama ulisoma kwa pesa za HELB, usijifiche. Ukikubaliana nao na ukaanza kulipa, kuna cheti cha kuonyesha kwamba unatimiza masharti, hata kabla hujamaliza deni lote. Tatu, ukiulizwa, sema kweli. Uongo kwenye fomu ya kazi utakuletea shida ambayo deni lenyewe halingekuletea.

Na wewe unayeajiri, kabla ya kumwitisha mtu cheti cha CRB, jiulize: deni hili linahusu nini na kazi hii? Mtu atakayeshika funguo za benki, ni haki kuuliza. Mtu wa kuosha magari, je? Wakati mwingine tunaitisha cheti kwa sababu tumeona wengine wanaitisha.

Tena tuache hii tabia ya kumwona kila mwenye deni kama mlaghai. Yule mjane wa 2 Wafalme 4 alikuwa mke wa mtu wa kundi la manabii, na Biblia inasema wazi kwamba mumewe alimcha Bwana. Alimcha Bwana, na alikufa na deni. Kuna madeni ya ulevi na kamari, ndiyo. Lakini kuna ya karo, ya hospitali, na ya mazishi. Ukiona jina la mtu CRB, hujaona ni lipi.

2. Mshahara ukikatwa, lazima kitu kibaki

Elisha alimwambia yule mjane maneno matatu: uza mafuta, lipa deni, na kile kitakachobaki wewe na wanao mkitumie kuishi. Hakumwambia amtoroke mdai. Wala hakumwambia ampe mdai kila kitu. Katika mpango wa Mungu, baada ya deni kulipwa kuna kinachobaki.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inafanya jambo linalofanana na hilo. Inataja ni makato gani yanaruhusiwa: ya kisheria kama ushuru, yaliyoamriwa na mahakama, yale wewe mwenyewe uliyoomba kwa maandishi, kama ya sacco, na mkopo ambao mwajiri amekupa kwa makubaliano yaliyoandikwa. Halafu inaweka mpaka: makato yote kwa pamoja yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Theluthi moja ni yako, ya kuishi. Ndilo jiwe la juu hilo.

Nilisomea biashara, kwa hivyo mnivumilie tupige hesabu. Chukua mama anayelipwa shilingi 30,000 bila marupurupu. NSSF inachukua 1,800. Bima ya afya, asilimia 2.75, ni 825. Ada ya nyumba, asilimia 1.5, ni 450. Ushuru wa mapato ni kama 730. Jumla ni karibu 3,800, zinabaki 26,200. Sasa aweke sacco 7,000 na mkopo wa benki 6,500. Amebaki na 12,700. Mwezi huu mwajiri anataka kukata 5,000 za advansi aliyompa mtoto alipokuwa akiripoti shule. Akikata zote, mama anaenda nyumbani na 7,700. Theluthi ya mshahara wake ni 10,000. Kwa hivyo mwajiri anaweza kukata 2,700 tu, na zinazobaki zingoje mwezi ujao. Hata kama mama mwenyewe amesema "kata tu zote," mpaka ni mpaka.

Mahakama nayo inaweza kumwamuru mwajiri akate mshahara wa mtu kidogo kidogo kila mwezi na kumpa anayemdai. Barua kama hiyo ikifika ofisini kwako, usiitupe na usikasirike. Itii. Pia usiifanye sababu ya kumwambia mtu afungashe virago. Kifungu cha 44 kinataja makosa makubwa ya kumfukuzisha mtu kazi mara moja: kutoroka kazi, ulevi kazini, matusi, kukaidi amri halali, kumwibia mwajiri na kadhalika. Deni la mtu binafsi halimo katika orodha hiyo. Na hata kwa makosa yaliyomo, kifungu cha 41 kinataka asikizwe kwanza, kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake wa kazi kando yake.

Sasa tuingie jikoni. Dada wa kazi akiangusha thamosi, tunakata. Keshia akikosa 300 jioni, tunakata. Sheria inasema uharibifu unaokatwa ni ule wa makusudi, na kiasi kiwe cha haki. Upungufu wa pesa unakatwa kwa mtu ambaye mkataba wake unampa kazi ya kushika pesa, tena ikiwa ni uzembe au udanganyifu wake. Thamosi iliyoteleza mikononi mwa msichana aliyeamka saa kumi na moja asubuhi si makusudi. Na yule msichana ni mfanyakazi kamili mbele ya sheria hii, hata kama hamkuandikiana chochote.

Lakini kuna jambo moja ambalo sheria haiwezi kukufanyia, mpendwa. Inailinda theluthi yako mpaka inapofika mkononi mwako. Ikishaingia kwenye simu na Fuliza ikameza mwanzo, halafu mkopo wa programu moja ukalipa mkopo wa nyingine, hapo hakuna kifungu cha 19. Hapo ni wewe, mkeo au mumeo, na Roho wa kiasi.

3. Pesa uliyokata si yako

Hapa nasema na waajiri, na naomba mnisikize kwa upendo.

Kuna wafanyakazi wanaokatwa kila mwezi, hati ya mshahara inaonyesha makato, lakini pesa haifiki. Sacco inangoja, benki inangoja, HELB inangoja. Baada ya miezi michache mfanyakazi anapigiwa simu kama mtu asiyelipa, na jina lake linapelekwa CRB. Wadhamini wake, ambao ni wenzake wa ofisi moja, wanaanza kukatwa akiba zao. Na yeye ana hati mkononi zinazoonyesha amelipa!

Yakobo 5:4 inazungumza na matajiri waliozuia ujira wa waliovuna mashamba yao, na inasema ujira huo wenyewe unalia, na kilio kimefika masikioni mwa Bwana. Kumbukumbu la Torati 24:15 inataka kibarua alipwe kabla jua halijatua, kwa sababu ni maskini na moyo wake uko pale. Ujira uliokatwa na haukupelekwa ni ujira uliozuiwa. Umepita mlango wa nyuma tu.

Sheria inakubaliana na Yakobo. Mwajiri anayekata na asipeleke kama inavyotakiwa ametenda kosa la jinai: faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Kwa pesa za sacco, Sheria ya Vyama vya Ushirika, kifungu cha 35, inampa mwajiri siku 7 tangu alipokata. Zikipita, anadaiwa zile pesa pamoja na riba inayozaa riba, isiyopungua asilimia 5 kwa mwezi.

Najua biashara ni ngumu. Najua mwezi ambao wateja hawajalipa, mwenye nyumba yuko mlangoni, na pesa ya karibu ni ile ya makato ya wafanyakazi. Inavutia kusema "nitairudisha mwezi ujao." Lakini hiyo ni amana. Umeshika pesa ya mtu mwingine njiani ikienda kwa mtu wa tatu. Kama huwezi kuipeleka, heri usikate, umlipe mtu pesa yake mkononi na umwambie ukweli, apeleke mwenyewe. Kwa makato ya serikali huna ruhusa hiyo. Kwa hivyo yalipe kwanza, kabla hujagusa kitu kingine.

Na wewe mfanyakazi, usiiamini hati ya mshahara peke yake. Kila miezi mitatu, ulizia taarifa ya sacco, ya benki na ya HELB, uzilinganishe. Weka hati zako zote za mshahara, hata za kazi uliyoiacha. Ndizo ushahidi wako.

4. Simu inapoingia kwa bosi

Katika mistari ya 10 na 11 ya sura yetu kuna jambo la ajabu. Mkopeshaji akienda kuchukua rehani, asiingie ndani ya nyumba. Asimame nje, mwenye deni amletee mwenyewe. Kwa nini? Kwa sababu hata mtu mwenye deni ana heshima ndani ya nyumba yake, mbele ya mkewe na watoto wake.

Linganisha na yale tumeyaona miaka hii: mtu amechelewa kulipa 4,000, na mkopeshaji anapigia simu mama mkwe, mwalimu wa shule ya Jumapili, na bosi wake. Hiyo ni kuingia nyumbani kwa mtu mpaka chumba cha ndani. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinakataza vitisho, matusi, na kupigia watu walio kwenye simu ya mkopaji bila idhini. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data alitoza kampuni moja faini ya shilingi 2,975,000 kwa sababu ya kutumia majina na nambari za watu kwa njia hiyo.

Kwa hivyo wewe mwajiri ukipokea simu kama hiyo, jibu ni fupi: "Huyu ni mfanyakazi wangu. Kama una amri ya mahakama, ilete." Kisha mwite mfanyakazi kando, si mbele ya wenzake, umwambie kwa upole kwamba simu imekuja. Usilitaje kwenye mkutano wa asubuhi. Usilifanye ombi la maombi kanisani bila ruhusa yake! Ukiweza, msaidie kupanga. Wakati mwingine advansi ndogo iliyoandikwa vizuri inamtoa mtu kwenye mdomo wa shailoki.

5. Na wewe unayedaiwa

Nisipomaliza na hili nitakuwa nimehubiri nusu ya Neno. Warumi 13:8 inatutaka tusibaki na deni kwa mtu isipokuwa kupendana. Wazee wetu walisema dawa ya deni kulipa, na walituonya pia kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Mungu aliyemkataza mkopeshaji kuchukua jiwe la kusagia alitaka lile jiwe lifanye kazi, na unga upatikane, na deni lilipwe. Jiwe halikuachwa ili mtu alale.

Usibadilishe kazi ili kukimbia makato. Usiwaache wadhamini wako walie. Walitia sahihi kwa sababu walikuamini. Mwendee anayekudai kabla hajakutafuta, na umpe kiasi ambacho utaweza kukitimiza. Shilingi 1,000 kila mwezi bila kukosa zina uzito kuliko ahadi ya 20,000. Mweleze mwenzi wako deni lote, pamoja na lile la simu analoliona tu unapotoka nje kupokea.

Kumbuka pia kwamba yule mjane hakufanikiwa peke yake. Vyombo vilitoka kwa majirani. Mafuta yalikuwa muujiza wa Mungu, lakini masufuria yalikuwa ya watu wa mtaa. Kikundi chako cha nyumbani kinaweza kuwa hao majirani: mmoja ajue kusoma hati ya mshahara, mwingine amsindikize mtu ofisi ya kazi kutoa malalamiko, mwingine atoe unga wa wiki mbili.

Maswali ya kujadili

1. Katika nyumba au kazi yako, "jiwe la kusagia" ni nini? Nani anaweza kulichukua?
2. Soma hati yako ya mshahara ya mwezi uliopita. Je, theluthi moja ilibaki? Kama haikubaki, utazungumza na nani wiki hii?
3. Wewe uliyeajiri, hata kama ni mtu mmoja: kuna pesa uliyoikata ambayo haijafika inakotakiwa?
4. Mtu wa kikundi chetu akisema ana deni, atapata nini kwanza kwetu, maswali au vyombo?

Tuombe

Baba, tunakushukuru kwa kazi ulizotupa na kwa mkate wa kila siku. Wape wanaodaiwa ujasiri wa kusema kweli na nguvu za kulipa. Wape waajiri wetu mikono safi, wapeleke kila shilingi mahali pake. Wafungulie mlango wanaotafuta kazi, nao wasikataliwe kwa sababu ya deni la mazishi au la dawa. Utufundishe kusimama nje ya mlango wa ndugu yetu, kama ulivyoagiza. Katika jina la Yesu. Amina.